Shajara ya mradi: runinga tatu za ukumbi wa Kirumba, picha ikuzwe mara moja tu

Ukumbi wa kutazamia mpira upo Kirumba, Mwanza, upande wa kushukia Mwaloni. Una runinga tatu: ya inchi 43 yenye pikseli 1920 kwa 1080, ya inchi 32 yenye pikseli 1366 kwa 768, na mpya ya inchi 55 yenye pikseli 3840 kwa 2160. Zinalishwa na kompyuta mbili za ofisini zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika. Ya kwanza ina Core i3 ya kizazi cha 4, inaendesha inchi 43 na inchi 32. Ya pili ina Core i5 ya kizazi cha 6, inaendesha inchi 55. Zote zina Debian (mfumo wa Linux) na RAM ya GB 8. Antena ni moja, tyuna za USB za DVB-T2 (matangazo ya kidijitali ya antena) ni mbili, Tvheadend inagawa chaneli na mpv inazionyesha.

Malalamiko yaliyoanzisha kazi: wachezaji wanaonekana wembamba kwenye runinga moja na wanene kwenye nyingine, mpira ukipigwa kwa nguvu unaota meno, maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari yanarukaruka, matokeo yaliyoandikwa kwenye kona yanakatwa, na kompyuta zinachemka hadi feni inasikika kuliko mtangazaji. Mtu aliyetoa kiingilio chake anastahili kusoma namba ya jezi akiwa benchi la mwisho.

Dhana inayoongoza kazi nzima ni hii: kati ya antena na jicho, picha inapita mikono minne inayoweza kuibadilisha ukubwa, yaani programu ya kutazamia, mazingira ya dawati, kadi ya picha, na runinga yenyewe. Kila mkono unaokuza au kupunguza unapoteza kitu. Kazi ni kuitafuta mikono hiyo na kuacha mmoja tu ufanye.

Siku ya 1. Antena

Tumeanza na antena kwa sababu kusimbua kwa chipu (kuifungua video iliyobanwa kwa chipu ya picha badala ya prosesa) hakuvumilii mawimbi mabovu. Prosesa ikikuta pakiti iliyoharibika hujaribu kuficha kasoro. Chipu ya picha mara nyingi hutoa vipande vya kijivu au kijani vinavyobaki hadi fremu kamili inayofuata. Mtu akiviona anailaumu draiva, kumbe tatizo liko juu ya paa.

Mwanza ni jiji la miamba na mawimbi ya UHF yanayobeba runinga hayapiti kwenye mwamba. Upande wa ziwani kuna jambo la pili: mawimbi yanafika mara mbili, yaliyokuja moja kwa moja na yaliyoakisiwa na maji, na pale yanapokutana kinyume yanapunguzana. DVB-T2 huacha nafasi kati ya alama na alama ili kuvumilia mwangwi, lakini haiwezi kurudisha nguvu iliyopotea. Ndiyo maana kusogeza antena nusu mita juu au pembeni kunaweza kusaidia kuliko kuongeza kikuza mawimbi. Hapa imesaidia.

Masafa ya katikati ya chaneli ya UHF yenye upana wa megahezi 8 ni 306 jumlisha mara 8 ya namba ya chaneli. Chaneli ya 21 ni megahezi 474, ya 48 ni 690. Tvheadend ikiwa imeshika chaneli, `dvb-fe-tool -m` iendelee kwenye dirisha la pili: kinachotazamwa ni hesabu ya makosa, wala si asilimia ya nguvu. Nguvu kubwa yenye makosa maana yake kikuza mawimbi kimezidisha.

Tyuna za USB zinachemka na zinapokea kelele za kompyuta. Zimetolewa nyuma ya kasha kwa waya wa USB wa mita 1. Zina chipu ya Si2168, na zisipopata faili yake ya programu ndani ya `/lib/firmware`, `dmesg`, kumbukumbu ya mfumo, inalitaja jina la faili hilo waziwazi.

Siku ya 2. Chipu inajua nini

`vainfo`, amri inayoorodhesha miundo ya video ambayo chipu inaweza kuisimbua, imejibu tofauti kwenye kompyuta mbili, kama ilivyotarajiwa. Core i3 ya kizazi cha 4 inasimbua MPEG-2 na H.264, lakini HEVC haimo. Kizazi cha 6 kinaongeza HEVC ya biti 8. HEVC ya biti 10 inaanza kizazi cha 7. Mstari unaotafutwa ni huu:

`VAProfileH264High : VAEntrypointVLD`

VLD ndiyo kusimbua. Ukiona EncSlice, huko ni kusimba, si kazi yetu. Mstari wa pili wa kutafuta ni `VAProfileNone : VAEntrypointVideoProc`. Huo ndio unaoruhusu chipu kufumua mistari iliyopishana ya matangazo, na utahitajika siku ya 4.

Draiva: kizazi cha 4 kinataka `i965-va-driver`. Draiva mpya ya `intel-media-va-driver` inaanzia kizazi cha 5. Zikiwepo zote mbili, chaguo linalazimishwa kwa `LIBVA_DRIVER_NAME=i965`.

Mara ya kwanza `vainfo` ilikataa kabisa kwenye akaunti ya kawaida lakini ikakubali kwa root, akaunti ya msimamizi. Hiyo ni ruhusa. Akaunti inayoendesha runinga inatakiwa iwe kwenye kundi la `render` na la `video`, ndipo iweze kufungua `/dev/dri/renderD128`. Baada ya `usermod -aG render,video` ni lazima kutoka na kuingia upya.

Hatari kubwa hapa ni ukimya. Kusimbua kwa chipu kukishindikana, mpv hairipoti kosa kwenye kioo. Inarudi kwa prosesa na picha inaendelea. Kwa hiyo hatuamini mpangilio, tunaamini takwimu: herufi `I` kubwa kwenye mpv inaweka maelezo juu ya picha, na neno `vaapi`, jina la njia ya Linux ya kusimbua kwa chipu, lionekane pale. Kwetu halikuonekana. Sababu ilikuwa njia ya kuchora: kwenye X11 (mfumo wa Linux wa kuchora madirisha), VAAPI inahitaji EGL (kiunganishi cha kuchorea kwa chipu), hivyo `gpu-context=x11egl` imeandikwa waziwazi.

Tumepima pia `vaapi` dhidi ya `vaapi-copy`. Tofauti ni njia ya fremu. Kwenye ya kwanza fremu inabaki ndani ya kumbukumbu ya chipu hadi kwenye kioo. Kwenye ya pili inarudishwa kwenye RAM, kisha inapelekwa tena. Fremu ya 1920 kwa 1080 ya aina ya NV12 (baiti moja na nusu kwa pikseli) ni baiti 3,110,400. Kwa fremu 50 kwa sekunde hiyo ni karibu megabaiti 155 kila sekunde kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kompyuta mpya haitahisi. Kompyuta ya zamani yenye kijiti kimoja cha RAM, ambayo chipu ya picha na prosesa zinagombea mlango mmoja wa kumbukumbu, inahisi sana. Tumeongeza kijiti cha pili kwenye Core i3 ili milango yote miwili itumike.

Siku ya 3. Wembamba na wanene

Kabla ya kugusa mpangilio wowote wa umbo la picha, uliza mkondo wenyewe unasemaje:

`ffprobe -select_streams v -show_entries stream=codec_name,width,height,sample_aspect_ratio,field_order` kisha anwani ya chaneli.

Chaneli za ubora wa kawaida zinakuja 720 kwa 576, nyingine 544 au 704 kwa 576 ili kuokoa nafasi. Pikseli zake si za mraba. Mkondo wa 16 kwa 9 wenye upana wa 720 au 704 unasema kila pikseli ina upana wa 16 kwa kimo cha 11 (mara nyingi kwenye H.264), au 64 kwa 45. Ukizidisha 720 kwa 64/45 unapata 1024. Ukizidisha kwa 16/11 unapata 1047. Tofauti hiyo ya pikseli 23 haitokani na kosa la hesabu: kipimo cha 16/11 kilikusudiwa pikseli 704 za katikati, na 704 mara 16/11 ni 1024 kamili. Pikseli 8 za kila upande ni za ziada. Kwa hiyo chaneli mbili za 16 kwa 9 zinaweza kutofautiana kidogo kwenye kingo na zote zikawa sahihi.

Wachezaji wembamba walitoka kwingine: mtu alibonyeza kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti ya inchi 32 ikakaa 4 kwa 3, na kwenye inchi 43 mtu mwingine alilazimisha umbo ndani ya programu. Umbo lirekebishwe mahali pamoja, na mahali hapo ni programu, kwa sababu yenyewe ndiyo inayosoma kipimo cha pikseli kwenye mkondo. Runinga inapokea ishara ya 1920 kwa 1080 na haina habari kwamba ndani yake kuna picha ya 720.

Siku ya 4 na 5. Kufumua mistari

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda, na ndipo picha ilipobadilika zaidi.

Chaneli zetu nyingi zinatuma nusu-fremu 50 kwa sekunde. Nusu ya kwanza ina mistari ya witiri, nusu inayofuata ina mistari ya shufwa, nayo imepigwa sehemu ya 50 ya sekunde baadaye. Mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde unasogea sentimita 40 katika muda huo, na kipenyo cha mpira ni kama sentimita 22. Ukisimamisha picha wakati wa shuti utaona mipira miwili iliyochanwa kwa kitana: mistari ya witiri inauonyesha pale ulipokuwa, mistari ya shufwa inauonyesha pale ulipofika, na katikati nyasi zinaonekana. Miguu ya mkimbiaji nayo hivyohivyo. Mtazamaji wa benchi la nyuma haoni meno yenyewe, anaona tu mpira uliofifia na jezi ambayo namba yake haisomeki.

Mfuatano ndio kila kitu. Mistari ifumuliwe kwanza, picha ikuzwe baadaye. Ukikuza kwanza, kila mstari mpya unakuwa mchanganyiko wa mstari wa sasa na mstari wa sehemu ya 50 ya sekunde iliyopita, na hakuna kichujio kitakachoweza kuitenganisha tena. Ugali ukishasongwa haurudi kuwa unga. Kosa hili ndilo lililokuwa kwenye inchi 32: kadi ilikuwa inapunguza picha ya 1080 yenye mistari iliyopishana, halafu programu ya zamani inajaribu kufumua kilichobaki. Kioo kizima kilikuwa na mikanda myembamba inayopepea kila kamera inapozunguka.

Njia nne zimejaribiwa kwenye chipu, zote kupitia kichujio cha `vavpp` cha mpv:

Weave inaacha nusu mbili zimeshikana. Inafaa filamu tu. First-field inatupa nusu moja: meno yanaisha, lakini mwendo unashuka hadi picha 25 kwa sekunde na mpira unaruka hatua. Wengi huishia hapa wakidhani wamemaliza, kwa sababu picha iliyosimama inaonekana safi. Bob inatoa picha 50, kila nusu ikikuzwa kuwa fremu nzima, mwendo ni laini kabisa, ila mistari myembamba ya uwanja na maandishi madogo yanacheza juu na chini kwa mstari mmoja. Motion-adaptive inaangalia sehemu kwa sehemu: palipotulia inaunganisha nusu mbili, palipo na mwendo inafanya kama bob. Hiyo ndiyo tumeichagua kwa kompyuta zote mbili:

`vf=vavpp=deint=motion-adaptive`

Kichujio cha yadif kwenye prosesa kinatoa kingo nzuri zaidi kidogo, lakini kinalazimisha `vaapi-copy`, na joto linarudi. Kwa ukumbi unaowaka saa nane mfululizo, chipu ndiyo jibu.

Kuna kosa moja linalotisha likitokea ingawa dawa yake ni ndogo. Mwendo unakwenda mbele hatua tatu unarudi moja, kama gari linalotetemeka. Huo ni mpangilio wa nusu kugeuzwa, shufwa kutangulia witiri. Tumeliona kwenye matangazo ya biashara tu, ndani ya chaneli ambayo mechi yake ilikuwa sawa. Yaani tangazo liliharibikiwa kabla ya kurushwa. Usibadilishe mpangilio wa ukumbi kwa ajili ya tangazo la nusu dakika.

Siku ya 6. Hezi 50

Kompyuta zilikuwa zinatoa hezi 60, matangazo ni 50. Picha 5 zinajaza nafasi 6, kwa hiyo mara 10 kila sekunde picha moja inaonyeshwa mara mbili. Jicho linaikamata haraka kwenye maandishi yanayopita chini ya habari: yanakwenda, yanasita, yanakwenda. Hakuna ufumuaji wala ukuzaji unaoweza kuondoa hilo.

`xrandr --output HDMI-1 --mode 1920x1080 --rate 50`

Inchi 43 imekubali mara moja. Inchi 32 imetulazimisha kuchagua. Kioo chake kina pikseli 1366 kwa 768, na orodha inayoitangazia kompyuta ina 1360 kwa 768 kwa hezi 60, na 1280 kwa 720 pamoja na 1920 kwa 1080 kwa hezi 50. Ya kwanza inafuata dhana yetu kikamilifu, pikseli kwa pikseli, utepe mweusi wa pikseli 3 kila upande, lakini mwendo unasita. Ya pili inaifanya runinga ikuze 720 kuwa 768, mara 1.067, na hicho ni kipimo kibaya kuliko vyote: kila baada ya mistari 15 mstari mmoja unagawanywa, herufi nyingine zinakuwa kali na jirani zake zimefifia. Tumechagua ya tatu. Runinga inapokea zaidi ya inachohitaji na kupunguza, hasara yake ikiwa ndogo, na hezi 50 zinabaki. Kwa ukumbi wa kusomea maandishi tungechagua 1360. Hapa ni mpira.

Kwenye mpv, `video-sync=display-resample` inafungamanisha mwendo na saa ya kioo na kurekebisha sauti kidogo sana. Saa ya kioo na ya mtambo wa matangazo haziwi sawa kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 100 katika milioni, ni sekunde 0.36 kwa saa. Akiba (video inayosubiri kwenye kumbukumbu) ya sekunde 2 inatosha mechi na dakika za nyongeza. Anayeshika zamu abadilishe chaneli na kurudi kati ya mechi na mechi ili akiba ijipange upya.

Siku ya 8. Nani mwingine anakuza?

Kipimo chetu ni picha ya miraba ya drafti, kila mraba pikseli moja, nyeusi na nyeupe:

`convert -size 1920x1080 pattern:gray50 drafti.png`

Ionyeshwe kwa `feh -F drafti.png` bila kukuzwa. Runinga inayopitisha pikseli kwa pikseli itaonyesha kijivu kilichotulia kioo kizima, na ukisogeza pua karibu utaona nukta moja nyeusi, moja nyeupe. Ikiwa kuna mkono wowote unaokuza, hata kwa asilimia 2, kijivu kinageuka mawimbi makubwa ya mwanga na giza, kama mawimbi ya ziwa yanavyoonekana ukiwa juu ya kilima.

Inchi 43 ilitoa mawimbi. Chanzo ni desturi ya runinga za kioo cha zamani cha tyubu: kukuza picha kidogo ili kingo zisionekane. Runinga bapa zimerithi tabia hiyo, na ndiyo iliyokuwa inakata matokeo kwenye kona. Kwenye menyu inazimwa kwa jina linalotofautiana kwa kila mtengenezaji: "Just Scan", "Screen Fit", "Full Pixel", "1:1". Nyingine hazina kipengele hicho kabisa hadi jina la mlango wa HDMI libadilishwe kuwa PC. Kurekebisha kwa kupunguza picha upande wa kompyuta ni kosa, kwa sababu hapo mikono miwili inafanya kazi kinyume na yote inaharibu.

Usitumie kipimo hiki kwenye inchi 32: pale kukuza au kupunguza kupo kwa makusudi, mawimbi yatakuwepo.

Siku ya 9. Utepe wa kijani na weusi wa kijivu

Utepe mwembamba wa kijani chini ya picha kwenye chaneli moja ya 1080. H.264 inagawa picha kwa vipande vya pikseli 16, na 1080 haigawanyiki kwa 16, kwa hiyo kinachosimbwa ni mistari 1088 na mkondo unaagiza 8 ya mwisho ikatwe. Programu isiyosoma agizo hilo inaonyesha mistari mitupu, na sifuri kwenye rangi za YUV (mwanga na tofauti za rangi) huonekana kijani. Toleo jipya la programu yetu ya kuchagua chaneli limemaliza tatizo.

Weusi: kwenye inchi 55 mechi za usiku zilikuwa na ukungu. Video inatumia viwango 16 hadi 235, kompyuta 0 hadi 255. Kompyuta ikituma 16 na runinga ikatarajia 0, nyeusi inakuwa kijivu. Ikiwa kinyume, jezi nyeusi zinazama kwenye kivuli cha jukwaa. Zikubaliane tu:

`xrandr --output HDMI-1 --set "Broadcast RGB" "Limited 16:235"`

na upande wa runinga, kiwango cha weusi cha HDMI kiwe cha chini. Kubadilisha jina la mlango kuwa PC kunaweza kugeuza matarajio hayo, kwa hiyo kazi ya leo ifanyike baada ya ile ya siku ya 8.

Siku ya 11 na 12. Inchi 55 na kipimo cha dawati

Kioo cha 3840 kwa 2160 kiliwashwa na GNOME, mazingira ya dawati ya Linux, kwa kipimo cha asilimia 150 ili herufi za menyu zisomeke. Hapo dawati linajihesabu kuwa 2560 kwa 1440. Programu ya X11 inayopitia XWayland, daraja la kuendesha programu za X11 kwenye mfumo mpya wa Wayland, inaambiwa kioo ni 2560 kwa 1440, inachora hapo, kisha dawati linaivuta mara 1.5. Picha ya 576 ikawa 1440, halafu 2160. Mikono miwili, na wa pili una kipimo chenye nusu. Maandishi yote yalikuwa kama yameoshwa.

Programu yetu ya kuchagua chaneli, iliyoandikwa kwa Qt (zana za kutengenezea programu za madirisha) ikiwa na libmpv (mpv ya kupachikwa) ndani, ilionyesha kosa la wazi zaidi kwa asilimia 200: picha ilijibana robo ya kioo, kona ya chini kushoto, kwingine kote kweusi. Kona hiyo ni dalili inayojieleza. OpenGL, maktaba ya kuchorea kwa chipu, inaanza kuhesabu chini kushoto, na programu ilikuwa inatoa `width()` na `height()`, vipimo vya dawati, mahali palipohitaji pikseli halisi. Kwenye muundo wa `mpv_opengl_fbo` upana na kimo vizidishwe kwa `devicePixelRatioF()`, kisha vizungushwe kuwa namba kamili. Kuzungusha si jambo la kupuuza: dirisha la 853 mara 1.5 ni 1279.5, na ukikata desimali unaacha mstari mmoja wa pikseli usiochorwa pembeni, unaometameta kila chaneli inapobadilishwa.

Baada ya kurekebisha hayo yote, kikwazo cha mwisho kilikuwa waya. HDMI ya kompyuta hii ya kizazi cha 6 inafikisha 3840 kwa 2160 kwa hezi 30 tu. Kwa mpira wa picha 50 kwa sekunde, hiyo ni kutupa karibu nusu ya mwendo. Uamuzi: kompyuta itoe 1920 kwa 1080 kwa hezi 50, dawati asilimia 100, na runinga ikuze mara 2 kamili. Ndiyo, picha inakuzwa mara mbili, kinyume na dhana ya mradi. Lakini mara 2 kamili haina mistari inayogawanywa, kila pikseli inakuwa nne, na mwendo wa mpira unabaki mzima. Pia GNOME imeondolewa kabisa kwenye kompyuta zote mbili. X11 inawashwa ikiwa na programu moja tu ndani yake, hivyo hakuna dawati la kukuza chochote.

Siku ya 15. Umeme na wadudu

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta zinawaka zenyewe kabla ya mtu kuwasha runinga. Kompyuta haipati orodha ya vipimo kutoka kwa runinga iliyolala, inaangukia 1024 kwa 768, na kazi ya wiki mbili inapotea mbele ya watu. Dawa ni kuihifadhi orodha hiyo:

`cp /sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/edid /lib/firmware/edid/inchi43.bin`

kisha kwenye maagizo ya kuwashia kiini (kernel) cha Linux: `drm.edid_firmware=HDMI-A-1:edid/inchi43.bin video=HDMI-A-1:e`. Faili liingizwe pia kwenye initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza wakati wa kuwasha), kwa sababu draiva ya picha inaweza kuamka mapema kuliko diski. Hakikisha faili si tupu kabla ya kuwasha upya: orodha ya kawaida ni baiti 128 au 256. Likiwa sifuri, runinga ilikuwa imezimwa ulipolinakili. Milango ya HDMI isibadilishane baada ya hapo, waya zimefungwa lebo.

Wadudu wa ziwani wanapanda jioni kama moshi na kufuata mwanga wa runinga. Wanaingia kwenye feni, wanagandamana na vumbi kwenye mapezi ya shaba, na joto linapanda hata kusimbua kukiwa kwa chipu. Wavu mwembamba umefungwa mbele ya tundu la hewa la kila kasha, unapigwa brashi kila Jumatatu. Ukipuliza ndani, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke. `sensors` inasomwa kila mapumziko ya mechi: kwa sasa Core i3, ikiendesha chaneli mbili kwenye vioo viwili, haijavuka nyuzi 60.

Siku ya 16. Mpangilio unaofanya kazi

```
hwdec=vaapi
vo=gpu
gpu-context=x11egl
vf=vavpp=deint=motion-adaptive
video-sync=display-resample
scale=spline36
cscale=bilinear
fullscreen=yes
```

spline36 inatosha kukuza 576 kuwa 1080. Vikuzaji vizito zaidi vimejaribiwa, na chipu ya kizazi cha 4 ikaanza kudondosha fremu vioo vyote viwili vikiwaka. Fremu iliyodondoka wakati wa penalti ina gharama kubwa kuliko ukali wa herufi.

Yaliyobaki. Chaneli ikihamia HEVC, Core i3 haitaiweza kwa chipu. Raspberry Pi 4 inasimbua HEVC na H.264 kwa chipu, lakini MPEG-2 haina. Pi 5 imebakiza HEVC peke yake, kwa hiyo isinunuliwe kwa kufuata namba kubwa. Na kwa inchi 55: kompyuta ya kizazi cha 6 ina mlango wa DisplayPort unaofikisha 3840 kwa 2160 kwa hezi 60. Adapta yenye chipu ya kwenda HDMI 2.0 imeagizwa. Ikikubali hezi 50, runinga itaacha kukuza, mpv itapanda kutoka 576 hadi 2160 kwa hatua moja, na `drafti.png` itatengenezwa upya kwa pikseli 3840 kwa 2160.